Je, Wajua? Mji wa Kiki Uko Sweden

Je, wajua kwamba Hayao Miyazaki aliwahi kunyimwa Pippi Långstrump? Mwaka 1971, akiwa na miaka 30, mchoraji huyo wa Kijapani alifunga safari na bosi wake hadi Sweden. Walitaka kibali cha kutengeneza katuni ya Pippi kutoka kwa mwandishi wake, Astrid Lindgren, aliyeishi Dalagatan 46, Stockholm. Hawakukipata. Michoro ya Miyazaki ya yule binti mwenye nguvu za kumbeba farasi ilikaa tu, hadi ikatolewa kama kitabu Japani mwaka 2014.

Safari haikwenda bure. Miyazaki alishazoa mandhari ya Sweden. Mwaka 1985 yeye na wenzake walianzisha Studio Ghibli, kampuni ya katuni, na ilipofika zamu ya filamu ya Kiki, mchawi wa miaka 13 anayesambaza vifurushi kwa ufagio, wachoraji walitumwa Stockholm na mji wa Visby wakiwa na kamera zao. Tazama mji wa Koriko kwenye filamu hiyo: vichochoro vya Gamla Stan, mji mkongwe wa Stockholm, nyumba ndefu zilizobanana, mapaa ya vigae, bahari mbele. Ukuta wa mawe ni wa Visby. Mwaka 1989 filamu hiyo iliongoza kwa mapato kati ya filamu zote za Kijapani nchini mwao.

Lindgren alifariki mwaka 2002. Mwaka 2014 hadithi yake ya Ronja ikawa katuni ya televisheni ya vipindi 26, Ghibli ikishiriki. Mwongozaji? Goro Miyazaki, mtoto wa yule aliyekataliwa.