Jina la Mtumishi wa Jikoni Juu ya Manowari

Huku kwetu Embu mtoto mwanamume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, ili jina lisipotee. Mabaharia nao wana desturi yao: manowari mpya inapokuwa tayari kushushwa majini, mwanamke aliyechaguliwa huvunja chupa ya mvinyo kwenye omo yake na kulitamka jina.

Tarehe 3 Juni 1972, huko Marekani, mwanamke huyo alikuwa Bibi Henrietta Miller, mkulima wa Texas, na jina lilikuwa la marehemu mwanawe, Doris Miller. Kijana huyo mweusi aliandikwa katika jeshi la majini kuwa mtumishi wa mezani na jikoni, kwa maana rangi yake ilimfungia kazi nyingi. Bandari ya Pearl Harbor iliposhambuliwa tarehe 7 Desemba 1941, aliwabeba majeruhi, kisha akashika bombomu ambayo hakufundishwa kuitumia. Mwaka 1942 alipewa nishani ya Navy Cross. Mwaka 1943 alikufa meli yake ilipozamishwa. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba manowari kubwa ya kuchukua ndege itapewa jina lake.

Vijana wa Meru na Embu nao walivaa sare za K.A.R. katika vita vile. Si kila shujaa atapata meli. Lakini, ndugu msomaji, ikiwa askari kama hao walikuwako katika ukoo wako, andika leo majina yao, vikosi vyao na mahali walipopigana, kabla wanaowakumbuka hawajaondoka.