Fedha Zako Zinakwenda Wapi?

Umeuza mahindi au pamba. Fedha umezipata, umezihesabu, umezifunga vizuri kwenye kitambaa. Baada ya miezi miwili unafungua kitambaa, hamna kitu. Hukuibiwa. Hukununua baiskeli wala bati. Basi fedha zimekwenda wapi?

Zimekwenda dukani, kidogo kidogo. Leo robo ya sukari. Kesho kipimo cha mafuta. Keshokutwa kipande cha sabuni, kiberiti na vocha ya simu. Shilingi 500 haimshtui mtu. Lakini shilingi 500 kila siku kwa mwaka mzima ni shilingi 182,500. Hesabu mwenyewe: 500 mara 365.

Sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo nyumbani kwako. Nunua daftari dogo. Chora mistari upate nafasi 3. Nafasi ya kwanza andika tarehe. Ya pili andika kitu ulichonunua. Ya tatu andika bei. Andika kila jioni kabla ya kulala, maana ukingoja kesho utasahau. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja, kisha jumlisha.

Andika yote. Wako akina baba wanaoandika chumvi na kiberiti, lakini sigara na pombe hawaziandiki. Daftari la namna hiyo ni la uongo, na mama wa nyumba hiyo anajua hivyo hata kabla hajalisoma.

KUPIMIWA NI GHALI

Angalia sasa daftari lako. Vitu vingi umenunua kwa kupimiwa. Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka bei za duka la kwenu.

Tuseme kilo moja ya sukari ni shilingi 3,000. Robo kilo ni shilingi 800. Ukinunua robo 4 umelipa shilingi 3,200. Umezidisha shilingi 200. Kama nyumba yako inatumia kilo moja kwa wiki, kwa wiki 52 umetoa shilingi 10,400 bure.

Tuseme mche wa sabuni ni shilingi 3,000. Mwenye duka anaukata vipande 8, kila kipande shilingi 500. Ukimaliza vipande vyote 8 umelipa shilingi 4,000.

Mwenye duka si mwizi. Analipa nauli, na mafuta mengine humwagika anapopima. Tofauti ile ndiyo riziki yake. Lakini si lazima wewe uilipe kila siku.

Utasema, "Sina shilingi 3,000 kwa mara moja." Ni kweli, wengi hatuna. Basi usianze na vitu vyote. Anza na sabuni peke yake. Weka shilingi 200 kila siku kwenye kibubu. Baada ya siku 15 una shilingi 3,000, unanunua mche mzima. Shilingi 1,000 uliyookoa irudishe kwenye kibubu. Sabuni ikizoeleka, ndipo uende kwenye sukari.

Mche huo ukate mwenyewe, upange vipande mahali pakavu penye hewa. Sabuni iliyokauka huwa ngumu na haiishi upesi. Usiiache ndani ya beseni la maji.

Jikoni nako kuna fedha. Maharage yaloweke tangu jioni. Kesho yake yataiva upesi, na kuni au mkaa utapungua. Na wewe mwenye simu, usitoe fedha kwa wakala kidogo kidogo. Kila ukitoa unakatwa. Mara nyingi kutoa shilingi 2,000 mara 5 hukatwa zaidi kuliko kutoa shilingi 10,000 mara moja.

DENI LA DUKA LINAKULA MAHINDI

Hapa ndipo penye hasara kubwa, ingawa wengi hatuioni. Mtu akiishiwa fedha huchukua vitu kwa mkopo. Jina lake linaandikwa kwenye daftari la mwenye duka. Huko kila kitu kimeandikwa, hata kama nyumbani hukuandika.

Tuseme deni limefika shilingi 40,000. Unakaa katika mkoa unaovuna mara moja kwa mwaka. Mwezi wa 7 mahindi yamevunwa, na mwenye duka anataka fedha zake. Wakati huo kila mtu anauza, kwa hiyo bei iko chini. Debe ni shilingi 8,000. Unauza madebe 5, unalipa deni. Unafurahi.

Mwezi wa 2 chakula kimekwisha ghalani. Sasa wote wanatafuta mahindi, na debe limepanda mpaka shilingi 15,000. Unanunua madebe 5 kwa shilingi 75,000. Kumbe sukari na sabuni za shilingi 40,000 zimekugharimu shilingi 75,000! Shilingi 35,000 zimepotea. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Shilingi 35,000 ingesaidia.

Ndiyo maana kibubu kina kazi kuliko unavyodhani. Asiye na deni mwezi wa 7 anaweza kungoja bei nzuri. Lakini atakayengoja sharti ahifadhi vizuri, asije akamtunzia dumuzi chakula. Pima ukavu hivi: chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo na mahindi, ziba, tikisa sana. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Yaanike tena. Yakikauka unaweza kuyatia kwenye mifuko maalumu ya tabaka 3 isiyopitisha hewa. Wadudu waliomo ndani hufa kwa kukosa hewa. Muulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako inakouzwa.

NUNUENI PAMOJA

Mwaka 1991 wanawake wa vijijini katika nchi ya Niger walianza kuweka akiba kwa vikundi wakisaidiwa na shirika la CARE. Mtindo huo ulienea Afrika, na huku kwetu vikundi vya namna hiyo vimejaa vijijini. Vingi huweka fedha katika sanduku lenye kufuli 3, na funguo 3 hushikwa na watu 3 mbalimbali. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake.

Kama huna kikundi, zungumza na majirani 4. Kila nyumba ichange kwa wiki kadhaa, kisha mnunue mfuko mmoja wa sukari au dumu moja la mafuta kwa bei ya jumla. Mwenye baiskeli alete mzigo, naye apunguziwe mchango wake kwa kazi hiyo. Michango yote iandikwe, na kila mmoja atie sahihi mbele ya jina lake. Mzigo ukifika, ugaweni siku hiyo hiyo, nyumba zote zikiwapo. Sukari igaweni kwa mizani, si kwa kikombe, kwa sababu kikombe cha mwenye haraka hakijai sawa na kikombe cha mwenye mkono mzito.