Umeme wa Jua Vyuoni: Tuhesabu Pasi Kabla ya Paneli

Ofisi ya miradi ya dayosisi imekuwa ikipokea maombi ya vyuo vinavyotaka umeme wa jua kwa ajili ya maabara za kompyuta, maktaba na masomo kwa njia ya intaneti. Maombi hayo ni ya haki. Hata hivyo, karibu yote huanza na idadi ya paneli, na paneli ndizo zinazosumbua kidogo kuliko vifaa vingine vyote.

Kinachokifaa chuo ni gridi ndogo. Maana yake ni kwamba paneli, betri, inveta na jenereta ya akiba huunganishwa katika mtandao mmoja unaohudumia majengo yote, na mtandao huo huweza kujitegemea umeme wa taifa unapokatika. Ofisi na maabara hutumia umeme mchana, mabweni usiku. Pale ambapo kila jengo lina sola yake, siku ya Jumapili umeme wa ofisini hupotea bure huku betri za bwenini zikiwa tupu.

Mfano mkubwa uko Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Bayero kilizinduliwa mtambo mseto wa sola wa megawati 7.1, chini ya mpango wa serikali ambao awamu yake ya kwanza ililenga vyuo vikuu 9 na hospitali 1 ya kufundishia, ili kupunguza utegemezi wa jenereta za dizeli. Ukubwa huo sisi hatuuwezi. Kilichotuvutia ni kwamba mradi ulikuwa na kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu, na wanafunzi wa kike 20 wa sayansi na uhandisi walishirikishwa wakati wa ujenzi.

Sisi tulifanya kinyume. Katika chuo kimoja tulifunga sola, tukafanya sherehe, tukapiga picha. Betri zilikuwa za risasi na asidi, ambazo hazitakiwi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, na joto huzifupishia maisha. Zetu ziliwekwa katika stoo ya bati isiyo na dari, na kila usiku zilitumika hadi mwisho. Hakuna aliyeiba umeme. Wanafunzi walikuwa wakipiga pasi mashati yao. Pasi moja ya wati 1,000 hula umeme wa taa zaidi ya 100 za wati 9, na hakuna aliyewaambia hivyo. Sisi wenyewe hatukuwahi kuuliza bwenini wanachomeka nini.

Kabla ya mwaka wa tatu kwisha maabara ilirudi kwenye jenereta. Walimu waliokuwa wameanza kupokea kazi za wanafunzi kwa kompyuta walirudi kwenye karatasi, nasi hatuwalaumu. Mwalimu akipoteza kazi ya darasa zima mara mbili, haiamini tena mashine hata umeme ukirudi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kompyuta 40 za mezani, kila moja ikitumia wati 100 kwa saa 5, zinahitaji uniti 20 kwa siku. Kompyuta mpakato 40 za wati 30 zinahitaji uniti 6 tu. Kubadili kompyuta kwanza kunaweza kupunguza sana betri za kununua. Betri za lithiamu nazo ni ghali zaidi, lakini huvumilia kushushwa zaidi na hudumu zaidi.

Kwa wafadhili tunasema wazi: fedha ya kubadilisha betri haina picha nzuri ya kuweka kwenye taarifa, lakini ndiyo tunayoiomba.

Mwaka huu chuo kile kile kimetuandikia tena. Tumekiomba orodha ya kila kinachochomekwa, jina la fundi atakayeajiriwa, na akaunti ya betri itakayowekewa fedha kila muhula. Orodha imefika, pasi zikiwemo. Akaunti imefunguliwa. Jina la fundi bado tunalisubiri, na mpaka lifike ombi litabaki mezani kwetu.