Barua ya Banki Haiko Nyumba

Katika miji yetu ya migodi watu wengi walikomaa bila kununua nyumba hata siku moja. Wakati wa Union Minière, na nyuma yake Gécamines, nyumba ilikuja pamoja na kazi. Mutu alipewa mulango kambini, watoto wakazaliwa pale, na hakuna aliyesoma barua ya mukopo kwa sababu mukopo haukuwako. Leo kijana wa Kolwezi ao Likasi anataka nyumba yake mwenyewe, na banki inamuandikia kwamba inakubali kumukopesha. Mama anapiga vigelegele. Wajomba wanapigiwa simu. Kesho yake muuzaji anakuja kuomba avansi.

Ngoja kwanza. Barua ile haisemi: feza ndizo hizi. Inasema: tutatoa feza kama mambo haya yote yametimizwa. Mambo yenyewe yameandikwa nyuma, kwa Kifaransa kigumu na herufi ndogo, na mara nyingi ni pale mutu anapochoka kusoma.

Banki itauliza kwanza kartasi ya parseli. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo ni mali ya Serikali. Kile wewe unachopata ni haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimamishwa na sertifika ya konservateri wa hati za nyumba. Kwa raia wa Congo inaweza kuwa ya daima. Ile ya kawaida ni ya miaka 25 na inaweza kurudiliwa. Kartasi ya chefu wa kartie, fishi ya parseli, kartasi ya mauzo yenye mashahidi wawili, zote zinasaidia kuonyesha nani anakaa pale, lakini rehani haiandikishwi juu yake. Kama muuzaji hana sertifika, barua yako ya banki itabaki kartasi tu, na avansi yako itakuwa imekwisha kuliwa. Basi usitoe avansi mbele ya kufika kwa konservateri na kuuliza kama jina ni la muuzaji kweli, tena kama hakuna rehani ya mutu mwingine juu ya nyumba ile. Uliza vilevile sertifika ilitolewa lini, maana ile ambayo haijatimiza miaka miwili ingali inaweza kupingwa.

Sasa tuone faida ya banki. Tuseme umekopa dola 20 000 kwa miaka 10, faida 12 kwa mia kila mwaka, ikihesabiwa juu ya deni linalobaki. Kila mwezi utalipa karibu dola 287. Mwisho utakuwa umelipa karibu 34 430. Mwezi wa kwanza, ndani ya zile 287, dola 200 ni faida na 87 tu ndizo zinapunguza deni. Nyuma ya mwaka muzima umelipa zaidi ya 3 440, lakini deni limeshuka 1 100 tu. Ni kwa hiyo watu wanalia kwamba banki iliwaiba, wakati hesabu ilikuwa wazi tangu mwanzo kwa yule aliyeomba tablo ya malipo.

Lakini kama ile 12 kwa mia inahesabiwa kila mwaka juu ya dola 20 000 zote, hata zile ulizokwisha kulipa, utarudisha 44 000. Namba iliyoandikwa ni moja, 12, lakini tofauti inapita dola 9 500! Uliza kwa maneno haya: faida inahesabiwa juu ya deni la mwanzo ao juu ya deni linalobaki? Wewe mwalimu ao muuguzi unayelipwa kwa franka, uliza tena deni limeandikwa kwa feza gani. Dola ikipanda, mushahara wako haupandi nayo.

Jambo ninaloona kuwa kubwa kuliko yote ni hili: barua inasema nini juu ya siku mushahara utakaposimama? Hapa kwetu si swali la mutu mwenye woga. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10 000 waliondoka Gécamines kwa mupango wa kuacha kazi kwa hiari. Mwisho wa mwaka 2008 bei ya shaba ilianguka na makampuni mengi ya Katanga yakafunga milango. Mwaka 2019 mugodi wa Mutanda ulisimamishwa, kazi ikaanza tena mwaka 2021. Mukopo wa miaka 10 unaweza kabisa kukutana na mwaka wa namna hiyo.

Mara nyingi banki inataka mushahara upitie kwake, na mwajiri aahidi kwa maandishi kuipelekea hata dekonti finale. Ni kusema siku unapofukuzwa, feza zile muke na watoto wanazongojea zinaweza kwenda kulipa deni kwanza. Tafuta mustari huo. Tafuta vilevile asiransi. Ile inayowekwa pamoja na mukopo, kwa kawaida inalipa kama mutu amekufa ao amekuwa kilema asiyeweza kazi tena. Kupoteza kazi ni jambo lingine, na usifikiri limo kama hulioni limeandikwa.

Ukishindwa kulipa, banki haina ruhusa ya kuja na vijana kutupa vitanda njiani. Tangu Septemba 2012 Congo inafuata sheria za OHADA, na kuuza nyumba ya rehani kunapita tribinali. Tena kwa nyumba ya kukaa watu, sheria hizo hazikubali mapatano yanayosema nyumba itageuka yenyewe kuwa mali ya mukopeshaji. Wako wakopeshaji wa mutaani wanaokwepa jambo hilo kwa kukuwekesha mukono kwenye kartasi ya mauzo, eti ni ya kulinda deni tu. Kartasi ya mauzo ni ya mauzo. Usiiguse.

Baba, usiende peke yako. Kwa kuuza nyumba ao kuiweka rehani, Sheria ya Jamaa inataka bibi na bwana wakubaliane wote wawili, hata kama ndoa yao ilichagua mali ya kila mutu kando. Basi bibi ataitwa kuweka mukono. Nimeona mama akiitwa saa ile ile ya mwisho, mutoto mugongoni, akionyeshwa kwa kidole mahali pa kuandika jina. Barua ina tarehe ya mwisho ya kujibu. Siku zile ni zenu. Ombeni kopi pamoja na tablo ya malipo, mupeleke nyumbani, na yule mutoto anayesoma Kifaransa vizuri awasomee mustari kwa mustari. Kila neno msilolielewa lipigieni kalamu, na murudi nalo banki mbele ya tarehe hiyo.