NCHI JIRANI: CHENJI YA SAFARI ISILALE KABATINI



Wajumbe wetu wanaporudi kutoka kwa wenzetu wa Kenya na Uganda hubakiwa na noti mbili tatu na kiganja cha sarafu. Wengi huziweka kabatini hadi safari ijayo. Sisi tunasema hiyo ni jasho la mfanyakazi, isiachwe ipotee.

Wazee wetu hawakuijua shida hii. Hadi mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mkata mkonge wa Tanga aliyekwenda Mombasa alinunua unga kwa shilingi ile ile aliyolipwa shambani. Mwaka huo kila nchi ikaanza kutoa fedha yake. Itifaki ya kurudisha sarafu moja ilitiwa saini Kampala Novemba 2013, ikalenga mwaka 2024. Mwaka huo umepita, na shilingi zetu bado ni mbalimbali.

Kuficha noti kuna hasara. Tarehe 1 Juni 2019 Kenya ilitangaza kuwa noti za zamani za shilingi 1,000 mwisho wake ni 30 Septemba. Mwezi huo huo Benki Kuu za Tanzania na Uganda zikasimamisha ubadilishaji wa fedha za Kenya. Aliyechelewa alibaki na karatasi. Nasi Tanzania noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 ziliondolewa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Jirani aliyeziweka sandukuni kwake naye amepata hasara hiyo hiyo.

Basi tufanye hivi:

Kwanza, tuhesabu fedha siku moja kabla ya kuondoka, si stendi basi likipiga honi. Tutenge nauli na chakula cha njiani, kinachozidi kijulikane.

Pili, sarafu tuzitumie huko huko, maana maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hayazipokei. Wajumbe waziunganishe, wanunue sabuni, majani ya chai au madaftari ya watoto. Tusinunue mapambo kwa sababu tu fedha imebaki.

Tatu, noti tuzibadilishe benki au kwenye duka lenye leseni, tupewe stakabadhi. Wapo watu mpakani wanaohesabu upesi upesi, na noti iliyokunjwa huhesabiwa mara mbili.

Nne, na hili ndilo kubwa: posho ni ya mjumbe, lakini fedha ya safari iliyobaki ni ya chama. Irudishwe kwa mweka hazina pamoja na stakabadhi, iandikwe kitabuni, na wanachama wasomewe mkutanoni. Ada hiyo imekatwa kwenye mshahara wa mchuma chai anayelipwa kwa kilo. Akiona shilingi mia imerudi, ataamini na elfu imetumika vizuri. Asipoiona, hata hotuba ya saa nzima haitamrudisha chamani.

Haba na haba hujaza kibaba. Umoja ni nguvu!