Mpaka wa Rangi

Mgeni afikaye Tunduma kwa mara ya kwanza aghalabu huuliza Tanzania inaishia wapi na Zambia inaanzia wapi, kwa maana nyumba na maduka ya mji huu yamesogeleana na ya Nakonde ya Zambia hata jicho halitambui mpaka ila kwa kuambiwa. Swali hilohilo humsumbua kila atengenezaye mfano mdogo wa ndege ya vita na kutaka kuuvika rangi za kificho: kahawia ikome wapi, kijani kianze wapi, na baina ya hizo mbili pawe na ukingo mkali kama wa kisu, au ukungu mithili ya moshi.

Hadaa hii imezaliwa vitani. Manowari ya Kijerumani Königsberg, ilipojificha katika delta ya Rufiji mwaka 1914, mabaharia wake waliifunika kwa matawi ya miti, wala hayakuwafaa kitu mbele ya macho yatazamayo kutoka juu. Ndege ziliiona, na tarehe 11 Julai 1915 ndege ndizo zilizowaelekeza wapiga mizinga wa Kiingereza hata mwisho wake ukafika. Baadaye ndege zenyewe zikahitaji maficho. Spitfire ya Kiingereza ya mwaka 1940 ilipakwa mgongoni kahawia ya udongo na kijani kilichoiva, ipate kupotea juu ya mashamba, na tumboni rangi hafifu ya mbingu. Agosti 1941 kahawia ikaondolewa, kijivu kikashika mahali pake.

Sasa tufanye hesabu, kwani humo ndimo taksiri nyingi huzaliwa. Mfano wa Spitfire wa kipimo cha 1 kwa 72 una sentimita 15 na nusu hivi toka ncha ya bawa hata ncha ya pili, na ukingo uliofifia kwa upana wa sentimita 7 juu ya ndege ya kweli, hapa haufikii hata milimita 1. Apulizaye kwa mkono mtupu, bila kizuizi, ukungu wake huenea nusu sentimita, na ndege ikawa na sura ya embe lililooza ubavu.

Dawa yake ni kizuizi kisichobana sana. Kahawia hutangulia, kwa kuwa ndiyo hafifu kuliko kijani. Ikishakauka, husokotwa udongo laini wa kuchezea watoto ukawa kamba nyembamba kama tambi, ikalazwa kufuata mapindo ya mchoro, na nyuma yake pakafunikwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Kamba hiyo, kwa kuwa ni mviringo, ubavu wake umeinuka kidogo juu ya bawa, na rangi ipulizwayo wima hupenya chini yake kwa kiasi kidogo mno, ikaacha ule ukungu mwembamba tuutakao. Utepe peke yake ni wa kioo cha rubani, ambako ukingo mkali ni haki yake.

Kuutumia utepe nilifunzwa na mafundi rangi wa malori hapa Tunduma, wala sikufunzwa na kitabu. Wao hufunika vioo na taa kwa magazeti makuukuu, na wakishapuliza hawangoji rangi iwe ngumu: huuvuta utepe pole pole, umejikunja juu ya mgongo wake wenyewe, maana rangi iliyokauka kabisa hukatika vipande kama chapati ya jana. Thina nayo hutiwa hata rangi iteremke kikombeni kama maziwa. Ikiwa nzito hutema mate, ikiwa nyepesi mno hutiririka. Kwa kipulizio kidogo kishikwacho kama kalamu, upepo wa paundi 15 hivi kwa inchi ya mraba na umbali wa sentimita 5 hutosha.

Masika moja niliazima upepo kwa jirani azibaye pancha, nami sikuwa na hadhari ya kufungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa, ambamo maji hujikusanya. Matone matatu yakaruka juu ya bawa la kushoto, na kijani changu kikageuka cheupe kama ukoga. Tangu siku hiyo huifungua koki kwanza, nikaiacha ilie hata sauti yake iwe kavu. Kiangazi kina mashaka yake, kwani vumbi la malori yangojayo kuvuka halina adabu, na alfajiri ya Juni baridi huichelewesha rangi; hivyo hungoja saa nne asubuhi, mlango umefungwa na sakafu imenyunyizwa maji, ndipo nikaanza na bawa la kushoto.