Vifo vya Wazazi Kenya na Tanzania

Ye yote akaaye katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni hata Jericho na Umoja, aijua hospitali ya wazazi ya Pumwani. Ilianzishwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa Gavana wa siku zile, na wengi waliozaliwa humo wamekwisha kurudi kuzalia watoto wao. Kwa hiyo habari tunayoieleza hapa si ngeni kwa nyumba nyingi: ni habari ya wanawake wanaokufa kwa uzazi, hali dawa ya kuwaponya inajulikana.

Watu wa Kenya walipohesabiwa mwaka 2019, ilionekana kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 355 walifariki. Jirani zetu Tanzania walipochunguza mambo yao mwaka 2015 na 2016 walipata 556. Lakini uchunguzi wao wa mwaka 2022 ulitoa 104. Hesabu hizi hupatikana kwa kuwauliza watu habari za jamaa zao waliofariki, basi si vema kuzishika kama hesabu za dukani. Hata hivyo Shirika la Afya Ulimwenguni, likizipima nchi zote kwa kipimo kimoja, lilikadiria kwamba mwaka 2020 vifo vya Kenya vilikuwa 530 na vya Tanzania 238. Vipimo mbalimbali, lakini vyaelekea upande mmoja.

Nalo la kustaajabisha ni hili: mwaka 2022, katika kila uzazi 100 nchini Kenya, 89 ulihudumiwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, Tanzania ulikuwa 85. Mkunga yupo, basi. Mbona mzazi afe?

Linaloua zaidi ni kutokwa na damu. Mwanamke mwenye afya njema aweza kufa kwa damu katika muda wa saa mbili tu. Dawa ya oksitosini huukaza mji wa mimba na kuizuia, na bei yake ni ndogo, ila huharibika isipohifadhiwa penye baridi. Kifafa cha mimba nacho kina dawa yake ya zamani, magnesiamu salfeti. Lakini madaktari waliochunguza vifo vya wazazi vilivyotokea katika hospitali za Kenya mwaka 2014 waliona kwamba wanawake 9 katika kila 10 hawakupata matunzo yaliyowapasa. Na hao walikuwa wamekwisha kufika hospitali!

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mzazi aliwekewa chini mfuko wa nailoni wenye alama za kupimia damu, ili mkunga asikisie kwa macho. Damu ilipofika kwenye alama, matibabu yote yalitolewa mara moja. Hatari ya kutokwa na damu nyingi mno ilipungua kwa 60 katika kila 100. Mfuko wa nailoni tu.

Watanzania wameshughulikia pia safari. Mpango wao wa m-mama, uliojaribiwa kwanza upande wa Ziwa Viktoria na kuenezwa nchi nzima tangu mwaka 2022, una simu ya bure namba 115. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa motokaa wa karibu aliyekubaliwa mapema, naye hulipwa kwa simu.

Kenya iliondoa ada ya kuzalia katika hospitali za Serikali tarehe 1 Juni 2013, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini ada ya hospitali si nauli ya usiku. Mke aliyeshikwa na uchungu Kayole, akiwa katika zahanati isiyo na chumba cha kupasulia, bado ana safari ya kwenda Mama Lucy Kibaki au Pumwani, na mara nyingi ni mumewe atafutaye gari barabarani.